Mauzo ya saa nane usiku yanarudi jana: ni komiti ipi kati ya 412?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa programu hapa Mwanza, nina mwaka mmoja na nusu kazini. Mwajiri wetu anauza samaki kwa jumla, na biashara yake kubwa ni ya usiku, malori yanapopakia. Mfumo wa mauzo tumeuandika wenyewe kwa Python, tuko watatu. Kwa wiki mbili sasa ripoti ya siku haikubaliani na daftari la ghalani. Nimegundua jambo moja: mauzo yaliyoingizwa saa nane usiku yanahesabiwa siku iliyopita. Ya saa kumi alfajiri yako sawa. Toleo tulilofunga mwezi Machi, tuliloliita v2.3, lilikuwa zima. Kutoka hapo mpaka leo kuna komiti 412, yaani mabadiliko ya msimbo yaliyohifadhiwa moja moja kwa Git, programu tunayotunzia historia ya kazi. Nimekaa siku nne nazisoma moja moja, nimefika ya 90 na sijaona kitu. Ofisini wameanza kunitazama mimi kwa sababu ndiye mgeni. Nimesikia watu wakitaja git bisect lakini naogopa kuharibu ripo, hazina yenye msimbo wetu na historia yake yote. Nisaidie.

Fundi wa Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hizo siku nne. Funga hizo komiti, usisome ya 91.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi bomba Tanga. Maji yakikatika kwenye nyumba iliyo mita mia kutoka barabarani, vijana wake walitaka kufukua mtaro wote. Yeye alihesabu hatua hamsini, akachimba shimo moja, akafungua kiungo. Maji yakiruka, ubovu uko mbele, upande wa nyumba. Kukiwa kukavu, uko nyuma, upande wa barabara. Nusu ya mtaro imeachwa bila kuguswa na jembe. Halafu hatua ishirini na tano, shimo jingine. Kwa mashimo sita au saba alikuwa amesimama juu ya ufa wenyewe.

Git bisect inafanya kazi ya baba. Wewe una mtaro wa komiti 412. Ukizikata katikati zinabaki 206, halafu 103, halafu 52, 26, 13, 7, 4, 2, na mwisho moja. Ni majaribio tisa, pengine manane. Kama kila jaribio linakuchukua dakika tano, unamaliza kabla chai haijapoa mara ya pili.

Chombo hiki kina umri karibu sawa na Git yenyewe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, alianza kuiandika Git Aprili 2005, baada ya watu wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper, programu waliyotunzia msimbo wao, na bisect ikaingia mwaka huohuo. Shida iliyoizaa ni kama yako, ila kubwa zaidi. Kiini cha Linux hutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila toleo lina komiti zaidi ya elfu kumi. Mtu akipandisha toleo, spika za kompyuta yake zikanyamaza, yeye hajui lolote kuhusu msimbo wa spika. Na yule anayeujua msimbo hana kompyuta ile, hawezi hata kusikia kwamba ziko kimya. Basi mwenye kompyuta anaombwa awashe toleo la katikati, asikilize, ajibu. Kwa majibu kumi na manne tu, komiti elfu kumi na sita zinachujwa hadi ibaki moja. Aliyeipata hajasoma mstari hata mmoja wa msimbo.

Hapo ndipo siku zako nne zilipopotelea. Ulikuwa unasoma ukitafuta kosa ambalo hujui lina sura gani. Bisect haidai uijue sura yake. Inakudai kitu kimoja, na inakidai kwa ukali: ukisimamishwa mbele ya toleo lolote, uweze kusema kweli kama ni zima au ni bovu. Kukata katikati ni hesabu, Git inaifanya yenyewe. Swali ni lako, na sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa juu ya swali.

Kwanza hofu yako. Bisect haifuti wala haibadilishi komiti yoyote. Inachofanya ni kuyarudisha mafaili yaliyo mbele yako yawe kama yalivyokuwa siku fulani, na ukimaliza unaandika git bisect reset, unarudi ulipoanzia. Kinachoweza kukuletea fujo ni kazi ambayo hujaikomiti. Mimi huwa sifanyii msako ndani ya folda ya kazi. Nanakili ripo nzima pembeni kwa git clone, naiita msako, nafanya humo, na nikimaliza naifuta. Moyo unatulia.

Sasa swali. Umeniandikia kwamba v2.3 ilikuwa zima. Umejuaje, mwanangu? Uliijaribu kwa mauzo ya saa nane usiku, au ni kwamba mwezi Machi hakuna aliyelalamika? Inawezekana mwezi Machi malori yalikuwa yanapakia asubuhi. Inawezekana karani wa zamu ya usiku alikuwa anaingiza mauzo kulipokucha. Ukiiambia Git kwamba v2.3 ni zima kumbe nayo ni bovu, itakuamini, itakukatia katikati mara tisa kwa utiifu, na mwisho itakunyooshea kidole komiti isiyo na hatia yoyote. Kabla ya yote, fungua v2.3, ingiza mauzo ya saa nane usiku, tazama ripoti. Ikionyesha jana, basi ubovu ni wa tangu awali, hakuna komiti iliyouleta baada ya Machi, na itabidi urudi nyuma zaidi kutafuta toleo zima, kama lipo.

Na swali lenyewe liwe jembamba. "Je, ripoti iko sawa?" halifai, kwa sababu njiani utakutana na toleo ambalo jumla imekosewa kwa sababu nyingine kabisa, na utasita. Liwe hivi: nikiingiza mauzo ya kilo kumi saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, ripoti ya Jumapili inayaonyesha? Ndiyo au siyo. Kama ripoti ina kasoro nyingine lakini hayo mauzo yako Jumapili, jibu ni zima. Nalisisitiza hili kwa sababu mkono unavutwa kuandika "bovu" kila unapoona kitu kibaya.

Ukiwa tayari, andika:

git bisect start
git bisect bad
git bisect good v2.3

Mstari wa pili unasema hapa nilipo leo pana ubovu, wa tatu unataja toleo zima. Papo hapo Git itakurusha katikati na kukuambia zimebaki komiti kama 205, hatua kama nane. Endesha jaribio lako. Ukiona jana, jibu git bisect bad. Ukiona Jumapili, jibu git bisect good. Inakurusha tena. Unajibu tena. Ni mazungumzo, na anayeuliza ni Git. Ukifika kwenye komiti ambayo programu haiwaki kabisa, labda kwa sababu mwenzenu alikomiti kazi nusu akaenda kula, usibahatishe jibu. Andika git bisect skip, itachukua ya jirani.

Niseme kilichonipata mimi, maana kinahusu hilo la kubahatisha. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye ofisi moja iliyokuwa ikichapa ankara za wateja wengi. Ankara zilianza kutoka na jumla pungufu. Nilianza bisect saa tatu usiku, nimechoka. Hatua ya sita ilikuwa inaonekana sawasawa na ya tano, nikaandika good bila kuendesha jaribio. Mwisho wa msako Git ikanitajia komiti iliyobadilisha faili moja tu, la maelezo ya namna ya kusakinisha. Faili la maelezo haliwezi kupunguza jumla ya ankara. Nilikaa nikilitazama kwa muda mrefu, kisha nikajua ni wapi nilidanganya.

Kilichoniokoa ni kwamba Git inaandika kila jibu ulilotoa. Niliamuru git bisect log, nikayaweka majibu kwenye faili, nikafuta mstari wa hatua ya sita na yote yaliyoufuata, nikaandika git bisect reset, halafu git bisect replay na jina la faili lile. Ikanirudisha pale pale kabla ya uongo wangu. Safari hii nilijaribu kweli, na komiti iliyopatikana ilikuwa imepandisha toleo la maktaba moja tunayoitegemea, yaani msimbo ulioandikwa na wengine. Ujumbe wake ulisema "marekebisho madogo", na ilikuwa imegusa mafaili 61. Nilitumia asubuhi nzima nyingine kutafuta ndani yake. Bisect inakufikisha kwenye komiti, haikufikishi kwenye mstari. Ndiyo maana nawasihi vijana wakomiti vipande vidogo: mwenye komiti ya mistari ishirini anamaliza msako kwa kusoma mistari ishirini.

Kwako wewe kuna hatari mbili zaidi ambazo ripo haizioni. Ya kwanza ni hifadhidata. Git inarudisha msimbo nyuma, lakini majedwali yako yanabaki ya leo, yenye safu ambazo msimbo wa Aprili hauzijui. Usithubutu kujaribu kwenye hifadhidata ya kazini. Unda ndogo tupu kwa SQLite, hifadhidata ya faili moja tu, kila hatua, iweke mauzo yale ya kilo kumi, soma ripoti, itupe. Ya pili ni maktaba. Kama requirements.txt yenu, faili linaloorodhesha maktaba, haitaji namba kamili za matoleo, kila hatua utakuwa unaendesha msimbo wa zamani juu ya maktaba za leo, na mwezi Aprili unaouona siyo Aprili uliokuwepo.

Kwa hatua tisa unaweza kujibu kwa mkono. Lakini nakushauri umwandikie Git jaribio ajijibu mwenyewe, kwa sababu mashine haichoki saa tatu usiku. Uwezo huo, git bisect run, uliongezwa mwaka 2007 na Christian Couder. Unaipa skripti, faili fupi la amri, na skripti inajibu kwa namba inayotoka nayo: 0 ni zima, 1 ni bovu, 125 ni ruka. Namba nyingine mpaka 127 nazo zinahesabiwa bovu. Yako ingekuwa fupi hivi:

#!/bin/sh
pip install -q -r requirements.txt || exit 125
PYTHONPATH=. python3 ~/jaribu_usiku.py

Iite skripti hiyo msako.sh, uiweke pamoja na jaribu_usiku.py, faili la jaribio lenyewe, nje ya ripo, nyumbani kwako, zisije zikabadilika Git inapozunguka. Ndiyo sababu ya ile PYTHONPATH: bila hiyo Python itatafuta moduli zenu kule nyumbani badala ya kwenye ripo. Ipe skripti ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x.

Halafu soma hapa polepole. Programu ya Python ikianguka kwa kosa ambalo haikulinasa, inatoka na 1. Yaani moduli ikikosekana kwenye komiti ya Mei kwa sababu mlikuwa hamjaiandika, Python inaanguka, skripti inatoka na 1, na Git inaandika "bovu" kwenye komiti ambayo haijajibu swali lako hata kidogo. Huu ni uongo uleule wa hatua ya sita, ila unasemwa na mashine. Ndani ya jaribu_usiku.py fungia mwanzo wote, uagizaji wa moduli na uundaji wa hifadhidata, ndani ya try, na ukianguka utoke na sys.exit(125). Namba 1 itoke mahali pamoja tu: pale ripoti imesomwa na mauzo yameonekana jana. Kabla ya kuiachia, iendeshe mwenyewe mara moja kwenye v2.3 uone 0, na mara moja kwenye komiti ya leo uone 1. Kisha, ukishaandika ile mistari mitatu ya mwanzo:

git bisect run ~/msako.sh

Nenda kanywe maji. Ukirudi utakuta jina la komiti.

Nina shaka yangu tayari, nitakuambia, lakini isikufanye uruke msako. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa za UTC, kipimo cha saa cha dunia nzima ambacho seva nyingi hukifuata. Saa nane usiku wetu, kwa UTC ni saa tano usiku ya jana. Saa kumi alfajiri yetu ni saa saba usiku, tarehe ileile. Hivyo mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku ndiyo pekee yanayoweza kurudi jana, na ndivyo ulivyoniandikia. Inaelekea mahali fulani tarehe imeanza kukatwa kwa UTC badala ya Africa/Dar_es_Salaam. Lakini katika komiti 412 za mfumo wa mauzo, huenda thelathini zinagusa tarehe. Shaka yangu haikuambii ni ipi, na kosa laweza kuwa limeingia kwa kubadilisha mpangilio wa seva ndani ya faili la usanidi ambalo usingefikiria kulifungua.

Ukishaipata, usiridhike na jina. Rudi kwenye toleo la leo, itengue komiti ile kwa git revert, endesha jaribio. Ikitoka 0, una ushahidi kutoka pande zote mbili. Na lile jaribio la usiku liingie kwenye ripo lenu, libaki humo.

La kukutazama wewe kwa sababu ndiye mgeni limeniuma, na sitaki kulipita. Jina lililo kwenye komiti linaweza kuwa lako au la mwingine. Mara nyingine Git inataja komiti ya kuunganisha matawi mawili: tawi la huyu lilikuwa zima, la yule lilikuwa zima, ubovu umezaliwa yalipokutana, na hakuna hata mmoja wao aliyekosea kwenye tawi lake. Waambie wenzako leo, kabla ya kuanza, kwamba unafanya msako na swali lako ni lipi. Waonyeshe skripti, wakubali kwamba swali ni la haki. Ikitoka komiti, mtaisoma mkiwa watatu, na mjadala utakuwa juu ya mistari iliyo kwenye kioo.

SWALI

Mama, asalaam alaykum. Kasoro yangu haitokei kila mara. Malipo mawili yakiingia kwa pamoja, moja linapotea, pengine mara moja katika tano. Bisect itanifaa?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Waalaykum salaam. Itakufaa, ukikumbuka kwamba majibu yako mawili hayana uzito sawa. Ukiona malipo yamepotea mara moja tu, ni bovu, huna haja ya kurudia. Usipoyaona yamepotea, hujajua kitu bado. Kwa kasoro ya moja katika tano, jaribio moja likipita salama kuna uwezekano wa asilimia 80 kwamba hata kwenye komiti bovu lingepita. Rudia mara ishirini, na uwezekano huo unashuka mpaka kama asilimia moja. Basi skripti yako izunguke mara ishirini, itoke na 1 mara ya kwanza inapoona upotevu, na itoke na 0 ikimaliza zote. Kama unaweza kuongeza msukumo, malipo hamsini kwa pamoja badala ya mawili, fanya hivyo kwanza. Kasoro inayotokea kila mara inasakwa kwa saa moja.

SWALI

Shikamoo. Mimi sitafuti kilichoharibu. Kuna hitilafu ilipona yenyewe kati ya Januari na sasa, na mteja wa toleo la zamani anataka tumpelekee dawa hiyo. Nikiandika good kwa bovu na bad kwa zima nachanganyikiwa.

Msomaji, Arusha

JIBU

Marahaba. Yeyote angechanganyikiwa, na jibu moja la kinyume linaharibu msako mzima. Git inakuruhusu uchague maneno yako, nayo si lazima yawe ya Kiingereza:

git bisect start --term-old=mgonjwa --term-new=amepona

Kuanzia hapo, ukisimama kwenye komiti ambayo hitilafu bado ipo unajibu git bisect mgonjwa, na ambayo haipo unajibu git bisect amepona. Mwisho itakutajia komiti ya kwanza iliyopona, na hiyo ndiyo utakayomchukulia mteja kwa git cherry-pick, amri inayoinakili komiti moja kwenye toleo jingine. Ukiacha kazi katikati ukarudi kesho umesahau ulichagua maneno gani, andika git bisect terms, itakukumbusha.